Tulipokwenda Kutafuta Gari la Kulala

Dalali alituuliza tunataka gari la watu wangapi. Mume wangu akasema sita. Mimi nikasema saba, maana yeye kila siku anamsahau dada anayetusaidia nyumbani. Mama mkwe wangu, ambaye tulikuwa tumemwacha ndani ya Noah yetu mlango ukiwa wazi, akasema kwa sauti iliyomfikia hadi mlinzi wa getini: "Mimi msinihesabu na watu wa kukaa. Nihesabuni na mizigo."

Dalali alicheka. Sisi hatukucheka.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa sita, kwenye yadi ya magari ya mtumba hapa Dodoma. (Nyinyi wa Dar mkisikia mtumba mnafikiria nguo. Huku kwetu Mtumba ndiko uliko Mji wa Serikali. Mume wangu anafanya kazi Mtumba na anaendesha mtumba, na utani huo tumeshauchoka.) Mwezi wa sita Dodoma ni upepo. Unaanza asubuhi, unapumzika kidogo mchana, jioni unarudi na vumbi la siku nzima. Magari yote pale yadi, meupe, meusi na ya fedha, yalikuwa na rangi moja.

"Hatutafuti gari la kukaa tu," mume wangu akaeleza. "Tunatafuta gari la kulala."

"Kulala kulala?"

"Kulala. Usiku. Na godoro."

Dalali akatutazama kama watu waliofukuzwa na mwenye nyumba.

Sijui kama Kiswahili kina jina moja la kitu hicho ambalo sote tunakubaliana nalo. Nimesikia gari-nyumba. Watoto wangu wanasema nyumba ya magurudumu, tangu siku walipoliona moja kwenye kituo cha mafuta. Barabara kuu itokayo kusini mwa Afrika kwenda kaskazini, ile ya ndoto ya wakoloni ya Cape hadi Cairo, inapita hapa hapa mjini kwetu, kwa hiyo mara moja moja wanapita Wazungu wazee wawili, mume na mke, ndani ya lori lenye nyumba mgongoni. Wale wa siku hiyo walikuwa Wajerumani. Mama yule aliwafungulia wanangu mlango wa nyuma wakachungulia: jiko, sinki, kitanda, pazia la maua, na rafu ya vitabu iliyofungwa kamba visidondoke. Watoto walirudi kwenye gari kimya. Kisha kijana wangu wa mwisho, ambaye bibi yake humwita "mume wangu", akasema: "Bibi angelala pale."

Hapo ndipo lilipoanzia.

Wapenzi wa vitabu mtaniambia kwamba jambo hili lina wenyewe. John Steinbeck alifanya hivyo mwaka 1960, akazunguka Marekani ndani ya gari lenye kibanda cha kulala alilolipa jina la farasi wa Don Quixote, kisha akakiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1962. Nimekisoma. Steinbeck alisafiri na mbwa. Hakuwa na mama mkwe mwenye chuma kwenye nyonga.

Na uwanda huu wetu wa kati umeshaona nyumba nyingi zikipita. Karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, na watemi wa Kigogo wakaitoza hongo kabla ya kuiachia njia na maji. Mapagazi walibeba nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki, na walipokuwa na Wazungu walibeba pia mahema yao na vitanda vyao vya kukunja. Yaani nyumba ya kusafiri ilifika huku zamani sana, ila ilikuja juu ya vichwa vya watu.

Sasa nieleze kwa nini tulikuwa pale yadi.

Mama alianguka kisimani mwaka 2022, kijijini kwao, mbele ya Kondoa kidogo, upande wa kwenda Kolo kwenye ile michoro ya mapangoni. Nyonga ilivunjika. Akaletwa Dodoma, akapasuliwa, akawekewa vyuma, na tangu hapo anakaa na sisi kwa sababu ya kliniki. Kutembea anatembea, kwa mkongojo. Kulala analala. Kitu kimoja hakiwezi: kukaa wima kwa muda mrefu. Nusu saa, basi. Baada ya hapo maumivu yanashuka mguuni, uso unabadilika, na yeye si mtu wa kulalamika, kwa hiyo lazima umtazame usoni ili ujue.

Kutoka Dodoma hadi Kondoa ni kama kilomita 160. Tangu lami ilipozinduliwa mwaka 2018, mtu mzima wa afya anafika kwa saa mbili na nusu, akitii vile vibao vya 50 kila kijiji. Watoto wangu hawaamini ninapowaambia kwamba zamani safari hiyo ilikuwa ya kutwa nzima na ulishuka ukiwa umepakwa vumbi jekundu hadi kwenye kope.

Mwaka 2024 dada yake mama alifariki. Simu ilipigwa alfajiri. Sisi Waislamu hatuweki maiti. Ndugu walitaka kuzika baada ya adhuhuri, mume wangu akawaomba, wakakubali kusogeza hadi alasiri. Tuliondoka saa tatu asubuhi, mama akiwa kiti cha katikati cha Noah, mito mitatu mgongoni. Mayamaya tukasimama. Tukaendelea, tukasimama tena. Kabla ya Chemba akaniomba, akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, nilazeni chini kidogo." Tukatandika khanga chini ya mbuyu akalala pale, malori yakipita, kwa karibu saa mbili. Mume wangu alikuwa akienda na kurudi barabarani na simu sikioni. Sitasahau mwendo ule.

Tulipofika wameshazika. Jamvi lilikuwa limetandikwa uwanjani, wanaume wamerudi makaburini, wananawa. Wanawake hatuendi kaburini, sawa, lakini alitaka kumwona dada yake uso kabla hajafunikwa. Hakuteremka. Watu wakaja mmoja mmoja mlangoni kwa Noah kumpa pole, yeye amelala ubavu kwenye viti, anawapa mkono.

Usiku ule alilazwa kwa mtoto wa ndugu yake, chumba walichowahamisha watoto. Yeye ana nyumba yake hatua chache tu kutoka pale, au alikuwa nayo. Mvua za mwanzoni mwa mwaka uleule ziliangusha ukuta wa nyuma, na paa likafuata. Asubuhi watu waliokuja kumwona walipiga hodi kwa mwenye nyumba, wakasalimiana na mwenye nyumba, wakanywa chai ya mwenye nyumba, ndipo wakaoneshwa chumba alicholala mgonjwa. Njiani kurudi Dodoma alisema maneno hayo tu: "Nimekuwa mgeni pale."

Hakuna aliyemjibu.

Kwa hiyo, gari. Nikiri hapa kwamba mimi sikulitaka. Mimi nilitaka tujenge upya nyumba ya mama. Fedha ya gari zuri la namba D ilikuwa bei ya kiwanja Nzuguni, na kwa kijijini ungepata vyumba vitatu, bati, na choo chenye kiti cha kukalia. Tulibishana kwa wiki mbili, usiku, kwa sauti ya chini, na nadhani mama alisikia kila neno. Aliyenishinda ni yeye. Siku moja tunachambua mchele akaniambia, "Mkwe, mkinijengea, nani atawasha moto mle? Mimi niko hapa kwa kliniki. Nyumba isiyo na moshi mchwa wanaikuta mwaka huohuo." Ni kweli. Nimeziona nyumba hizo njia nzima ya Kondoa, za watoto waliojengea wazazi: geti zuri, kufuli, na mstari wa mchwa unapanda ukutani kama mchoro.

Basi tukaanza kutafuta, na hapo kila mtu akaleta ndoto yake akaiita gari la familia.

Mume wangu alitaka Land Cruiser mkonga na hema la juu ya paa, kama wanazokodisha watu wa Arusha kwa watalii. Alinionesha video. Unasimamisha gari, unavuta kamba, hema linafunguka juu kama kitabu, unapanda ngazi, unalala na nyota. Nikamuuliza: ngazi? Akanyamaza. Nikamuuliza pia kuhusu kile kiti cha nyuma, na springi zile ngumu kama za lori, na kupanda kwenyewe, maana mkonga una kimo ambacho hata mimi nanyanyua sketi. Mkonga ni gari la mtu anayekwenda mahali pasipo njia. Sisi tunakwenda mahali penye lami mpaka kilomita chache za mwisho. Lakini sikumlaumu. Mwanamume aliyetembea barabarani na simu sikioni saa mbili anatamani gari lisiloweza kushindwa na kitu.

Binti yangu mkubwa alitaka Alphard, na kusema kweli viti vya Alphard ni vitanda tayari: vinalala nyuma, vinanyanyua miguu, mlango unajifungua wenyewe. Mama alikaa pale yadi dakika arobaini, tulimwekea saa, hakugeuza uso hata kidogo. Nilidhani tumemaliza. Kisha dalali mwenyewe, Mungu ambariki kwa uaminifu wa dakika ile moja, akauliza kijijini kuna matuta mangapi, na kama kuna korongo. Gari lile liko chini. Tumbo lake ni la mjini. Na usiku vile viti havikutani kuwa kitanda kimoja. Unalala kwenye bonde kati ya milima miwili.

Lori-nyumba kama la Wajerumani sikulijadili sana. Halipatikani yadi, ukiliagiza ushuru wake utakuuza wewe, na likiharibika fundi wa Kondoa atalizunguka mara tatu kisha atakuuliza limetoka wapi. Ile ya kuvutwa nyuma ya gari nayo hapana. Nani ataivuta kwenye mchanga. Lakini kuna hesabu moja ya malori yale nimeibeba, nayo ni ya maji. Lita moja ni kilo moja. Tangi la lita 200 ni mtu mnene wawili na nusu wanaosafiri nawe bila kushuka. Huku kwetu ambako maji si ya kubahatisha, kila mtu akisikia gari la kulala anafikiria tangi kubwa. Sisi tuna madumu manne ya lita ishirini. Yakiisha, yanashushwa, yanapelekwa kisimani kama madumu ya watu wengine.

Ikabaki Hiace.

Mtanzania hahitaji kuelezwa Hiace. Ndiyo daladala iliyotupeleka shule, ndiyo inayobeba nyanya na harusi. Spea zake ziko kila mahali, na fundi wa chini ya mwembe anaifungua huku akipiga soga. Kwa hawa wanaotengeneza magari ya kulala duniani, nayo ni kipenzi, kwa sababu ni sanduku: sakafu bapa, kuta zilizosimama, mlango mpana wa kuteleza. Pale yadi zilikuwepo mbili. Fupi, ya urefu wa mita 4.7 hivi, paa la kawaida. Na ndefu, mita 5.38, pana zaidi, paa limenyanyuka mpaka mume wangu, ambaye ni mrefu, karibu asimame wima ndani. Aliingia, akasimama, akanyoosha mikono, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mama," akaita, "njoo uone hii."

Mama alisogea na mkongojo hadi mlangoni. Akaangalia ndani muda mrefu.

"Gari hili nalijua," akasema. "Ndilo lililomleta baba yenu kutoka Dar. Amelala, miguu mlangoni." Kisha akageuka, akarudi kwenye Noah, taratibu, bila kukasirika. "Mtu anayeingizwa kwenye hilo amelala, watu njiani wanashusha kofia. Mimi bado nasalimiwa."

Tukarudi nyumbani bila gari.

Nimeshasoma makala nyingi za watu wanaochagua magari ya aina hii, wa Ulaya na Marekani, na zote huanza na swali la vitanda: mko wangapi, mnahitaji vitanda vingapi. Mtu aliyetupa swali la maana ni fundi mmoja wa viti, huku Chang'ombe, ambaye kazi yake kubwa ni kushona viti vya mabasi. Mume wangu alimpelekea mchoro wa kitanda cha Hiace, mama amelala kwa urefu, kichwa nyuma ya dereva. Fundi akautazama, akauliza: "Anataka kulala gari likitembea, au likisimama?"

Tulikuwa hatujajiuliza. Tulikuwa tumeviweka pamoja, safari na usiku, kama kitu kimoja.

Akatueleza, kwa mfano wa kiroba cha mchele. Kiroba ukikilaza sakafuni, ukifunga breki mbele ya ng'ombe, kiroba hakifungi breki. Kitaendelea na safari peke yake. Mtu aliyelala ni hivyohivyo. Mkanda haumshiki, kwa sababu mkanda umetengenezwa kushika mifupa ya mtu aliyekaa. Kwa hiyo likitembea, alisema, apate kiti. Lakini kiti si lazima kiwe wima. Anaweza kukilaza kwa nusu, chini ya magoti akaweka sponji nene, miguu ikanyanyuka, mkanda ukapita nyongani upande wa mzima. Likisimama, mgongo wa kiti unashuka, kipande cha mbao kinavutwa kutoka chini, panakuwa kitanda. Cha watu wawili. "Wawili tu," akarudia, akimtazama mume wangu na ule mchoro wake wenye watu saba. "Wengine si wana miguu?"

Hapo ndipo lile gari refu lenye paa la kusimama lilipokufa. Nani alihitaji kusimama mle? Mama ni mfupi, na sasa ameinama. Atakayelala naye ni mjukuu wa kike wa miaka kumi. Sisi wengine tungelala kwenye hema, kwa ndugu, au kwenye mkeka na redio. Na paa refu kwenye upepo wa uwanda huu, unapolipita lori la mafuta, gari lote linavutwa pembeni kama mtu kashikwa shati. Tulikwenda na ile fupi. Jumatatu hadi Ijumaa inapeleka watoto shule kama gari lolote, jambo ambalo kwa mshahara wa serikali si dogo. Safari za Dar hazikutuhusu. Tangu 2024 tunapanda treni ya SGR.

Mama tulimwambia nini? Mume wangu alikwenda kumweleza habari za mkanda na breki. Alimsikiliza. Akauliza mambo mawili tu. Akiwa kwenye kiti hicho ataona mbele? Ataona. Na watu wa nje watamwona amekaa? Watamwona amekaa.

"Basi nunueni," akasema. "Na hiyo Noah msiiuze kwa hasara."

Kazi ya fundi ilichukua wiki tatu, ikiwemo moja ya kumtafuta fundi. Sitaieleza yote. Niseme tu mambo ambayo yaliniuma kichwa. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo joto linapanda. Kiti cha mama kikasogezwa nyuma ya mlango na chini kikawekwa tabaka la sponji na kapeti. Jiko tuliamua lisikae ndani kabisa. Mtungi mdogo wa kilo 6 unapikiwa nyuma, chini ya mlango wa nyuma ulionyanyuliwa, kwa sababu moto wa gesi ndani ya gari lililofungwa unakula hewa ya watu, na kwa sababu mama alisema hawezi kulala kwenye harufu ya vitunguu. Betri ya pili kwa taa na feni. Pazia. Kiti cha choo cha kukunja, kile cha duka la dawa, ambacho hatukukitaja kwa jina mbele ya watoto, wakakipa jina wao.

Tuliondoka Ijumaa moja ya Agosti, baada ya swala. Mama amekaa kwenye kiti chake nusu-lala, ushungi mweupe, mkongojo pembeni, kama waziri. Askari wa usalama barabarani alitusimamisha nje kidogo ya mji. Akachungulia, akaona mto, shuka, madumu.

"Mnabeba mgonjwa?"

"Namsindikiza mwanangu," mama akajibu. "Anaogopa kusafiri peke yake."

Askari akampa shikamoo, akatuachia.

Kuna kitu sikukijua mpaka siku ile, na nimeishi hapa tangu wizara ya mume wangu ihamie, mwaka 2017. Kutoka Dodoma kibla ni kaskazini, inaegemea mashariki kidogo tu. Na barabara ya Kondoa, ukiacha kona zake, inakwenda kaskazini. Alasiri ilipoingia mume wangu akapunguza mwendo atafute pa kusimama, mama akamwambia aendelee. Mgonjwa na msafiri wana ruhusa zao, na yeye alikuwa vyote viwili. Aliswali palepale kitini, kwa ishara ya kichwa, uso mbele, na njia yote ikiwa mbele yake. Sote tulinyamaza, hata yule wa mwisho. Nilimtazama usoni, kwa mazoea. Tulishapita dakika tisini.

Chemba tulisimama kwa sababu watoto walitaka miwa. Siyo kwa sababu nyingine.

Korongo lilitukamata. Ilibaki kilomita moja. Mchanga wa makorongo ya Kondoa ni mweupe na mzuri kama sukari na hauna huruma. Magurudumu ya nyuma yalizama mpaka tumbo likagusa. Mume wangu aliniangalia na nilijua anafikiria mkonga. Vijana walikuja, wakatoa upepo kidogo kwenye matairi yapanuke, wakachimba, wakaweka matawi, wakasukuma. Mama alikataa kushuka kupunguza uzito. Alisema vijana wale alikuwa akiwafuta kamasi, wacha wasukume.

Tuliingia uwanjani kwake jua linazama. Ukuta wa mbele ulikuwa bado umesimama na ule wa nyuma ni kichuguu cha udongo chenye majani. Mume wangu akazima gari chini ya mkwaju, palipo na kivuli.

"Siyo hapo," mama akasema.

Akawasha. Akasogea.

"Rudi nyuma. Rudi. Kushoto kidogo. Mbele kidogo." Mara tatu akamrudisha. Mimi nilikuwa nje naongoza kwa mikono, sielewi, mpaka gari liliposimama na mama akasema hapo, na binti akavuta mlango, nikaona. Mlango wa kuteleza ulikuwa umesimama palepale ulipokuwa mlango wa nyumba. Jiwe la kukanyagia bado liko. Alishuka akalikanyaga.

Usiku ulikuwa wa baridi, na upepo. Mume wangu na kijana walilala kwenye hema, hema likapigapiga usiku kucha. Mimi na dada na mtoto wa kati tulilala kwa ndugu. Asubuhi niliamka mapema, nikachemsha chai nyuma ya gari. Kabla jua halijapata nguvu wakaja wanawake watatu wazee, rafiki zake, mmoja ameshikwa mkono na mjukuu. Wa kwanza akasimama mbele ya Hiace, akaizunguka nusu, hajui pa kupiga hodi kwenye kitu cha namna ile. Mwishowe akaisema hewani.

"Hodi hapa!"

"Karibuni," sauti ya mama ikatoka ndani. "Mlango uko huku, ulipokuwa."

Wakaingia wote watatu, wakakaa kitandani, mama akiwa kwenye pembe ya mto. Nilisikia wakilia kidogo, kwa ajili ya dada mtu, kilio ambacho kilikuwa hakijaliwa. Kisha wakaanza kuongea Kirangi, kwa kasi, na kucheka. Mmoja akaomba mlango ufungwe kwa sababu ya upepo. Ukafungwa.

Nilikuja na chupa ya chai na vikombe kwenye sinia. Nikasimama kwenye jiwe. Kupitia kioo nilikuwa namwona mama, naye ananiona. Nikangoja. Hakufungua.

"Hodi," nikasema.

"Nani?"

"Ni mimi, mama."

"Karibu, mwanangu. Vua viatu."